Bastola Ndogo ya Mabaki ya Jeshi

Jioni moja ya mwezi wa Agosti, wakati ambapo mvua imekwisha kusahauliwa Kolwezi na vumbi jekundu la barabara limejipatia uenyeji hata ndani ya bakuli za mboga, alinijia rafiki yangu mmoja, mfanyabiashara wa mawe. Nami sina haja ya kueleza ni mawe gani, kwani katika mji huu neno hilo halina maana ila shaba na kobalti. Alikataa kiti cha barazani akachagua cha ndani, akakataa chai, kisha akasema kwa Kiswahili cha Katanga, sauti yake ikiwa chini kama ya mtu aliyekuja kuposa, "Muzee, minatafuta kitu kidogo, ya kuweka mu mufuko." Nilidhani ataka simu. Akatoa simu yake mwenyewe, iliyokuwa nzuri kuliko yangu, akanionyesha picha ya bastola fupi nyeusi, rangi yake imechujuka pembeni kwa kuingizwa na kutolewa katika ala, na mpini wake wa hudhurungi una nyota ndani ya duara. Akaniarifu kwamba bei yake haifikii bei ya pikipiki kuukuu.

Nimepata kuombwa shauri katika ndoa, katika viwanja na katika mirathi, lakini katika bastola ilikuwa mara ya kwanza, na sababu ya kunijia mimi ni kwamba watu wengi wajua kuwa nimezoea kusoma habari za silaha tangu ujana wangu, ingawa sijapata kumiliki hata moja. Mimi ni kama mtu anayejua majina ya samaki wote wa baharini na hali hajui kuogelea. Hoja zake zilikuwa nyepesi kufahamika. Biashara ya mawe ya wachimbaji wa mikono huendeshwa kwa fedha taslimu, na fedha zenyewe ni dola. Mnunuzi hutoka depo moja hadi nyingine, kutoka soko la Musompo hadi mjini, noti zikiwa chini ya kiti cha gari, na kila kijana asimamaye kando ya njia ajua kwamba zipo. Yeye hajapata kubeba silaha maishani mwake. Alitaka ya kwanza, iwe ndogo isionekane chini ya shati, na iwe rahisi kwa sababu, alivyosema, chombo ambacho Mungu akipenda hakitatumika hakistahili kugharimiwa sana.

Nilimwomba asubiri kwanza, nimweleze kile kilichomo katika picha.

Ile ni Makarov, bastola iliyopewa jina la fundi wake Nikolai Makarov, nayo ilikubaliwa na jeshi la Kisovieti mwaka 1951, ikatengenezwa kwa mamilioni huko Izhevsk, kisha ikaigwa Ujerumani ya Mashariki, Bulgaria na Uchina. Uzito wake bila risasi ni gramu 730, urefu wake milimita 161, na shajeri yake, kama watu wa huku waitavyo kile kisanduku cha risasi kiingiacho mpinini, hubeba risasi nane. Asili ya umbo lake ni Walther PP ya Kijerumani ya mwaka 1929, na siri ya ugumu wake wa kudumu ni uchache wa vipande vyake: mtutu umefungwa imara katika kiunzi, wala hapana kufuli la kuushikamanisha na kifuniko cha juu; risasi ipigapo, ni uzito wa kifuniko hicho na nguvu ya springi peke yake izuiayo mtambo usifunguke kabla ya wakati. Chombo cha namna hii hakina fahari, lakini hustahimili uchafu kuliko vyombo vingi vilivyo na adabu zaidi, na mtu aliyezoea kukarabati mashine ya kusagia angeweza kukielewa kwa asubuhi moja.

Amma sababu ya urahisi wa bei, nayo haipo katika bastola, ipo katika historia. Baada ya mwaka 1989, dola za Ulaya ya Mashariki ziligeuza nyuso zao upande wa magharibi. Poland na Cheki zikaingia katika muungano wa NATO tarehe 12 Machi 1999, Bulgaria ikafuata mwaka 2004, na kila jeshi lililobadili muungano lilibadili pia kipimo cha risasi zake, hata maghala yakajaa bastola nzima zisizo na askari wa kuzivaa. Ndipo zikauzwa kwa makontena kwa wafanyabiashara wa Marekani, na huko raia wa kipato cha chini, aliyetaka silaha yake ya kwanza ya kubeba, akapata kwa fedha kidogo kile ambacho dola nzima ilikuwa imekigharimia kwa fedha nyingi: Makarov ya Wajerumani, ya Wabulgaria, P-64 ya Wapoland yenye risasi sita, CZ 82 ya Wacheki yenye kumi na mbili, na Star BM ya Wahispania iliyokuwa ikining'inia kiunoni mwa Guardia Civil. Vitu hivi huitwa mabaki, na neno lenyewe ni la haki, kwani ni makombo ya karamu ya watu wengine. Na mtu aweza kushiba kwa makombo, lakini hawezi kuchagua kitoweo.

Hilo la kitoweo ndilo nililolifafanua kwa urefu, kwa sababu mnunuzi wa mara ya kwanza hutazama bei na ukubwa, asitazame tabia. Bastola ya Makarov, ikiwa nyundo yake imelala, hudai kidole kivute kifyatuo kwa nguvu nyingi na kwa mwendo mrefu ili nyundo inyanyuke na kuanguka. Lakini baada ya risasi ya kwanza nyundo hubaki imeinuka, na mvuto wa pili huwa mwepesi na mfupi. Maana yake ni kwamba mtu aliyeshikwa na fadhaa gizani atapiga mara mbili kwa bastola mbili mbalimbali: ya kwanza nzito, itakayomvuta mkono uende kando na chini, na ya pili nyepesi, itakayotoka kabla hajakusudia. Katika ile P-64 ya Wapoland mvuto wa kwanza ni mzito hata watumiaji wake wamefanya mzaha juu yake. Star nayo haina mvuto huo kabisa. Sharti nyundo iwe imekwisha kuinuliwa na mkono au na kifuniko, basi mwenye kuibeba ama aibebe imetegwa na kufungwa kwa kidude cha usalama, jambo linalomtisha mgeni, ama aibebe chumba cha risasi kikiwa kitupu, jambo linalomfurahisha adui. Tokarev, ndugu mkubwa wa Makarov ambayo imeenea mno Afrika, ilitengenezwa bila kidude cha usalama hata kidogo, ila kitako cha nusu cha nyundo. Na mtu anayeibeba na risasi ndani ya mtutu amejifunga kwa imani ambayo dini yangu hainiamrishi.

Hata hicho kidude cha usalama, kikiwapo, kina lugha yake. Katika Makarov, wenzo uliopo juu ya kifuniko ukiinuliwa, bastola imefungwa, ukishushwa, imefunguka, na katika Walther iliyoizaa ni kinyume chake. Mtu aliyefundishwa na rafiki yake kwa bastola moja, kisha akapewa nyingine, mkono wake utakumbuka somo lisilo lake. Nilimuuliza mgeni wangu ni wapi angefanya mazoezi, risasi mia mbili tatu za kwanza ambazo kila mwalimu mwenye insafu angemtaka azipige kabla hajathubutu kutoka nayo nje, katika mji uliozungukwa na machimbo yenye askari kila upande, ambapo mlio mmoja wa bastola usiku huamsha mtaa na mlio wa pili huleta gari la polisi. Hakuwa na jibu, nami sikumtaabisha.

Kisha zipo risasi zenyewe. Risasi ya Makarov huitwa ya milimita 9, na ile ya Parabellum itumiwayo na majeshi mengi ya leo huitwa ya milimita 9 pia. Lakini tundu la jina hili ni pana kuliko linavyoonekana, kwa kuwa kipenyo halisi cha ile ya kwanza ni milimita 9.27 na cha pili ni 9.01, na ganda la moja lina urefu wa milimita 18 na la nyingine 19. Hazibadilishani. Mtu anunuaye kwa kunong'ona, kwa kuonyesha vidole tisa, hana njia ya kurudisha mzigo. Na risasi za zamani za nchi zile, hasa za Tokarev, aghalabu huwashwa kwa dawa iachayo chumvi ndani ya mtutu, nayo chumvi hunywa unyevu wa hewa ikala chuma; hapa kwetu, ambapo masika huanza Novemba na hudumu hadi Aprili, bastola iliyopigwa na kusahauliwa huota kutu kabla mwenyewe hajamaliza kusimulia alivyoipiga. Wakati wa kiangazi taabu hugeuka upande: mafuta uliyoyapaka kwa kuogopa kutu hukusanya vumbi la machimbo, yakawa tope jembamba linalosaga. Na springi ya shajeri iliyokaa imebanwa ghalani tangu zama za Brezhnev haikuahidi mtu lolote.

Hayo yote, hata hivyo, ni maneno ambayo yangefaa kusemwa kwa mnunuzi wa Ohio sawasawa na wa Kolwezi. Tofauti ni kwamba yule wa Ohio hununua kitu kilichotoka ghalani kwa hati, kikapita forodhani kwa hati, kikamfikia kwa hati. Na katika ukanda huu wa shaba mabaki ya jeshi hayakupata kuuzwa kwa mnada. Yalibaki kwa maana ile ya asili, ya kitu kilichoachwa chini wenyewe walipokimbia. Jeshi la Force Publique liliasi Julai 1960, na siku chache baadaye, tarehe 11, Moïse Tshombe akatangaza Katanga kuwa dola ya peke yake, akaunda jandarmeri yake. Kolwezi ikawa ngome ya mwisho ya dola hiyo, hata majeshi ya Umoja wa Mataifa yalipoingia Januari 1963 na jandarmeri ikaanza kutawanyika, wengine wakivuka hadi Angola pamoja na bunduki zao. Watoto wa vita vile walirudi. Tarehe 13 Mei 1978 wapiganaji wa FNLC, kundi la waasi la Nathaniel Mbumba, waliushika mji huu; tarehe 19 wanajeshi wa miavuli wa Kifaransa, kikosi cha 2e REP chini ya Kanali Philippe Erulin, wakarushwa juu yake, na Wabelgiji wakafika kesho yake. Walikufa mamia, weusi na weupe, na wazee waliokuwa vijana wakati ule hukuonyesha nyumba kwa kidole bila kutaja majina. Kila tabaka la historia hiyo liliacha chuma chake, kama mto uachavyo mchanga. Basi bastola itokayo mfukoni mwa mtu asiyetaka kusema aliipata wapi, katika nchi hii, haina uhaba wa mababu. Na baadhi ya mababu hao wanatafutwa bado.

Sheria nayo ni ya wazi kuliko watu wanavyodhani. Amri-sheria namba 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985, iliyotungwa nchi ilipokuwa ikiitwa Zaire na ambayo ndiyo msingi hata sasa, haimpi raia silaha ila kwa kibali cha wenye mamlaka, na silaha ya kivita imemtenga nayo. Makarov ni bastola ya jeshi tangu kuzaliwa kwake. Hakimu hatasikiliza kwamba ni ndogo. Zaidi ya hayo, sheria ya mahakama za kijeshi ya tarehe 18 Novemba 2002 yaweza kumfikisha raia mbele ya majaji wenye magwanda kwa kosa linalohusu silaha ya kivita, na mfanyabiashara aliyetoka nyumbani akiogopa wezi wa noti hujikuta mbele ya oditora, yaani mwendesha mashtaka wa kijeshi, anaulizwa kuhusu usalama wa dola. Hata walinzi wa makampuni, wale wasimamao mlangoni mwa kila jumba la mjini, husimama na rungu na redio. Ikihitajika bunduki, huitwa polisi aje nayo. Nami naona, ingawa wengi hawapendi kulisikia kutoka kwa mtu anayelala nyumba isiyo na dola, kwamba utaratibu huo una busara yake.

Rafiki yangu alisikiliza yote kwa heshima, kisha akasema kwamba mwizi hasomi amri-sheria. Ni kweli, lakini nilimwomba amfikirie mwizi huyo kwa makini badala ya kumfikiria kwa hasira. Mnyang'anyi wa barabara ya Likasi si mtu mmoja mwenye kisu. Huja kwa kundi, huja na Kalashnikov, na saa nyingine huja na sare ambayo huwezi kujua kama ni ya kuazima au ya haki. Risasi nane za mtutu mfupi, mikononi mwa mtu anayeendesha gari, dhidi ya bunduki tatu ambazo zimekwisha kuelekezwa, ni hesabu isiyohitaji ubao. Na kwenye kizuizi cha barabarani, askari mwaminifu akikupapasa na kukuta chuma kiunoni, umegeuka kutoka aibiwaye ukawa mshukiwa. Askari asiye mwaminifu akikikuta, umempa bei mpya ya kukupatiliza, na bastola itahamia kwake, mbichi, tayari kwa safari nyingine.

Kwa kuwa usiku ulikuwa umeingia na yeye hakuonyesha dalili ya kuondoka, nikamsimulia habari ya Bunkeya, ambayo leo imo katika mkoa wetu huu wa Lualaba. Mfalme Msiri alikuwa ameijenga nguvu yake kwa shaba, pembe na baruti. Misafara yake ilifika pwani ya mashariki na ya magharibi, na bunduki zilimjia kutoka pande zote mbili. Desemba 1891 uliingia Bunkeya msafara wa Kapteni William Stairs, mzaliwa wa Kanada aliyetumwa kwa ajili ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, na wengi wa askari wake na wapagazi walikuwa watu waliotoka Unguja, wenye lugha hii hii tunayoiandika. Msiri akakataa bendera ya Leopold. Tarehe 20 Desemba Kapteni Omer Bodson, Mbelgiji, alitumwa kumleta, akaingia kijijini mwake na watu wachache. Maneno yakapanda, Msiri akashika upanga, Bodson akachomoa bastola yake akampiga mfalme risasi, na kabla moshi haujatulia mwana wa Msiri akampiga Bodson. Wote wawili walikufa. Ufalme wenye maelfu ya bunduki uliangushwa kwa silaha ndogo kupita zote zilizokuwapo mahali pale, na aliyeibeba naye hakupona. Stairs mwenyewe alikufa kwa homa mwaka uliofuata, akiwa njiani kurudi. Mara nyingi nimewaza kwamba kama Bodson angeingia kijijini mikono mitupu, pengine angelazimika kusema kidogo zaidi, au kurudi nyuma kidogo mapema. Mkono ulio na bastola hufupisha mazungumzo ya pande zote mbili. Lakini sijui, na waliojua walizikwa.

Rafiki yangu alikaa kimya kitambo. Kisha akauliza, uso wake ukiwa mkavu kabisa, "Na ule Mubelge, alikuwa na permi?"

Lilikuwa swali zuri kuliko alivyodhani. Mwaka mmoja na nusu hivi kabla ya kifo cha Msiri, tarehe 2 Julai 1890, mataifa yalitia sahihi huko Brussels mkataba uliopiga marufuku kuingiza bunduki za kisasa katika Afrika yote iliyo kati ya latitudo ya 20 kaskazini na ya 22 kusini, na Kolwezi na Bunkeya zote zimo humo; Mwafrika aliachiwa gumegume lisilo na mikato ndani ya mtutu. Ila mkataba huo uliacha milango michache, na mmojawapo ulikuwa huu: msafiri mwenye hati ya serikali yake ithibitishayo kwamba silaha ni ya kumlinda yeye mwenyewe peke yake. Nikamwambia kwamba hoja aliyoniletea mimi jioni ile, ya kitu kidogo cha kujilinda njiani, ilikuwa imeandikwa na kupigwa muhuri zaidi ya miaka 130 iliyopita, na kwamba haikuandikwa kwa ajili ya watu kama yeye.

Akacheka kwa mara ya kwanza tangu aingie, akaisukuma simu pembeni mwa meza, akasema kwamba sasa chai angekunywa. Nilipoileta, mwanga wa simu ulikuwa umezimika. Lakini picha ile hakuifuta mbele yangu.